Constantin Fahlberg

Constantin Fahlberg (Tambov, Urusi, 22 Desemba 1850 – Nassau, Ujerumani, 15 Agosti 1910) alikuwa mwanakemia aliyegundua utamu wa sakarini, kibadala cha sukari cha kwanza kutengenezwa maabara na kuuzwa kwa wingi. Kwa kuwa sakarini haina wanga wala haipandishi sukari katika damu, ilipokelewa mapema na watu waliokatazwa sukari na vyakula vya wanga: kwanza wagonjwa wa kisukari, kisha watu waliotaka kupunguza unene.

Fahlberg alipata utajiri na jina kutokana na ugunduzi huo, lakini pia alipata maadui. Aliyekuwa mkuu wake wa maabara, Ira Remsen, alimwona kama mtu aliyemnyima haki yake. Wenye viwanda vya sukari nao walipambana na bidhaa yake hadi sheria ya Ujerumani ya mwaka 1902 ilipoiondoa katika maduka ya kawaida na kuiacha katika maduka ya dawa.

Maisha ya awali

Fahlberg alizaliwa Tambov, mji ulio kusini-mashariki mwa Moscow. Alisoma Moscow, kisha akaenda Ujerumani, nchi ambayo wakati huo iliongoza duniani kwa mafunzo ya kemia. Alipitia Berlin na Wiesbaden, na mwaka 1873 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leipzig, ambako profesa wa kemia alikuwa Hermann Kolbe.

Tangu ujana wake utaalamu wake ulikuwa sukari. Alijua namna ya kupima usafi wake, namna ya kuisafisha na namna ya kuchunguza mabaki yake. Kazi hiyo ilimpeleka hata Guyana, koloni la Waingereza katika Amerika ya Kusini, lenye mashamba makubwa ya miwa. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuwatia hofu wafanyabiashara wa sukari alikuwa amelelewa na biashara hiyohiyo.

Kesi ya sukari mjini Baltimore

Mwaka 1877 kampuni ya Perot ya Baltimore, Marekani, iliyokuwa ikiagiza sukari kutoka nje, iliingia katika mgogoro na serikali. Shehena yake ilizuiwa kwa sababu ya swali juu ya usafi wake. Kampuni ilimwajiri Fahlberg aichunguze sukari hiyo na atoe ushahidi mahakamani. Kwa kuwa hakuwa na maabara yake mwenyewe, kampuni ilimwombea nafasi katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, chuo kilichokuwa kimefunguliwa mwaka uliotangulia tu.

Mkuu wa kemia chuoni hapo alikuwa Ira Remsen, aliyezaliwa New York mwaka 1846. Remsen naye alikuwa amesomea Ujerumani, na alitaka kujenga Marekani maabara ya utafiti kwa mfano wa zile alizoziona huko. Alipenda sayansi kwa ajili ya sayansi, na hakuvutiwa sana na kemia ya viwandani.

Fahlberg alimaliza upimaji wa sukari mapema. Wakati akisubiri kesi, aliomba ruhusa ya kuendelea kutumia maabara, na Remsen akakubali. Mwanzoni mwa 1878 alianza kushiriki katika utafiti wa Remsen mwenyewe, uliohusu michanganyiko inayotokana na tolueni, kioevu kinachopatikana katika lami ya makaa ya mawe. Utafiti huo haukuwa na uhusiano wowote na chakula.

Mkate uliokuwa mtamu

Masimulizi ya ugunduzi yametoka kwa Fahlberg mwenyewe, aliyeyaeleza katika jarida la Scientific American mwaka 1886. Siku moja ya mwaka 1878 alizama katika kazi hadi akasahau chakula cha jioni. Alipokumbuka, alikimbilia mezani bila kunawa mikono. Akauma kipande cha mkate na kukiona kitamu kupita kiasi. Akadhani amepewa keki. Akasukutua kinywa kwa maji na kufuta masharubu kwa kitambaa, na kitambaa nacho kikawa kitamu kuliko mkate. Akanywa tena maji, na midomo yake ikagusa mahali vidole vyake viliposhika bilauri. Maji yakawa kama shira. Hatimaye akaonja kidole gumba chake, akafahamu kwamba utamu umetoka maabara.

Alirudi mbio na kuanza kuonja kila chombo kilichokuwa juu ya meza yake ya kazi. Jambo hilo halipaswi kuigwa na mwanafunzi yeyote. Vitu vingi alivyokuwa akivishughulikia vingeweza kumdhuru vibaya, na kanuni ya kwanza ya maabara za leo ni kutoonja kitu chochote. Fahlberg alikuwa na bahati. Katika chombo kimoja, kilichokuwa kimepashwa moto kupita kiasi, alikuta kitu cheupe chenye utamu usio na mfano.

Kazi ya wiki nyingi ilifuata ili kujua kitu hicho ni nini na kinaundwaje. Matokeo yalichapishwa mwaka 1879 katika jarida la wanakemia wa Ujerumani, yakiwa na majina mawili, Remsen na Fahlberg. Makala ilitaja kwamba kitu hicho ni kitamu kuliko sukari ya miwa, lakini haikupendekeza kitumiwe kwa lolote. Kwa wanakemia wengi wa wakati ule utamu huo ulikuwa sifa ndogo tu, kama rangi au harufu.

Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba sakarini ni tamu mara 300 hadi 500 kuliko sukari ya kawaida. Ulimi huipokea kama tamu kwa sababu molekuli zake hushika vipokezi vilevile vinavyoshikwa na sukari. Mwili hauwezi kuivunja ili kupata nguvu: huingia katika damu, hupita katika figo na kutoka katika mkojo bila kubadilika. Kasoro yake ni kuacha ladha chungu, kama ya chuma, mwishoni.

Fahlberg alijifanyia jaribio kabla ya kuuza. Alimeza gramu 10 za sakarini kwa mara moja, kiasi kikubwa mno kwa kitu chenye utamu wa namna hiyo, akasubiri siku nzima na hakuona madhara. Uchunguzi wa mkojo wake ulionyesha kwamba karibu yote ilikuwa imetoka. Jaribio la mtu mmoja kwa siku moja lisingekubalika leo kuwa uthibitisho wa usalama, lakini wakati huo hakukuwa na sheria iliyomtaka afanye hata hilo.

Ugomvi na Remsen

Fahlberg aliondoka Baltimore na kufanya kazi ya kemia ya viwandani mjini Philadelphia. Huko alitafuta njia ya kutengeneza kitu kile kwa wingi na kwa gharama ndogo. Mwaka 1884 aliomba hataza pamoja na jamaa yake, Adolph List wa Leipzig, bila kumshirikisha Remsen. Hataza za Marekani zilizotolewa mwaka 1885 zilikuwa na jina la Fahlberg kama mvumbuzi. Yeye ndiye aliyekipa kitu hicho jina la sakarini, kutoka neno la Kilatini la sukari.

Remsen hakudai fedha. Kilichomuudhi ni kwamba Fahlberg alianza kuzungumza hadharani kana kwamba utafiti wote ulikuwa wake peke yake, ilhali mada, njia na maabara vilikuwa vya Remsen. Katika barua kwa mwanakemia Mwingereza William Ramsay alimwita Fahlberg laghai, na akasema alichefuka kusikia jina lake likitajwa pamoja na la mtu huyo.

Haki ilikuwa wapi? Swali hili hujadiliwa hadi leo katika masomo ya maadili ya sayansi. Kwamba utafiti ulibuniwa na Remsen ni kweli. Kwamba Fahlberg ndiye aliyeonja, aliyetambua thamani ya alichoonja, na aliyetumia miaka kadhaa kutafuta njia ya kukitengeneza kiwandani ni kweli pia. Hataza kwa jina la Fahlberg inaweza kutetewa, kwa sababu ilihusu utengenezaji. Kulifuta jina la Remsen katika masimulizi ni vigumu zaidi kulitetea, kwa kuwa makala ya 1879 ilikuwa na majina yote mawili na Fahlberg alilijua hilo vizuri.

Kiwanda katika nchi ya viazisukari

Baada ya majaribio ya uzalishaji mdogo mjini New York, Fahlberg alirudi Ujerumani. Mwaka 1886 yeye na List walianzisha kiwanda huko Salbke, karibu na Magdeburg, kando ya mto Elbe. Mahali penyewe ni pa kushangaza, kwa maana tambarare za Magdeburg zilikuwa kitovu cha kilimo cha viazisukari na viwanda vya sukari vya Ujerumani. Moshi wa kiwanda cha sakarini ulipanda katikati ya mashamba ya wapinzani wake.

Sakarini yenyewe huyeyuka kwa shida katika maji. Tatizo hilo lilitatuliwa kwa kuichanganya na magadi ya kuokea, au kwa kuiuza kama chumvi yake ya sodiamu. Iliuzwa kama unga na kama tembe ndogo za kutia katika chai au kahawa. Walioinunua kwanza walikuwa wagonjwa na watengenezaji wa dawa na vinywaji. Haikuchukua muda mrefu kabla ya watu maskini wa mijini kutambua kwamba, kwa kulinganisha utamu, ilikuwa rahisi sana kuliko sukari iliyotozwa kodi.

Mlo wa wanga kidogo kabla ya insulini

Ili kuelewa kwa nini madaktari waliipokea sakarini haraka, ni lazima kukumbuka hali ya wagonjwa wa kisukari katika karne ya 19. Kiswahili kimeuita ugonjwa huo kwa jina la sukari, na hakika sukari katika mkojo ndiyo dalili iliyojulikana zaidi na madaktari wa wakati huo. Insulini haikuwapo. Mtoto aliyepata aina ya kisukari inayoanza ghafla alikonda na kufa baada ya miezi au miaka michache. Watu wazima waliishi muda mrefu zaidi, lakini walipatwa na vidonda visivyopona, upofu na maambukizi.

Chombo pekee cha daktari kilikuwa chakula. Mwaka 1797 daktari John Rollo wa jeshi la Uingereza alieleza jinsi alivyomlisha mgonjwa wake nyama na mafuta na kumnyima mimea. Mfaransa Apollinaire Bouchardat aliendelea na njia hiyo kwa uangalifu zaidi. Aliwakataza wagonjwa sukari na mkate wa kawaida, akawapa mboga za majani, na akapendekeza mkate uliotengenezwa kwa gluteni ya ngano baada ya wanga kuondolewa. Mji wa Paris ulipozingirwa na jeshi la Prussia mwaka 1870 na chakula kikawa haba, aliona kwamba sukari ilipungua au kutoweka katika mkojo wa baadhi ya wagonjwa wake.

Watu wanene nao walikuwa na mlo wao. Mwaka 1863 William Banting, msimamizi wa mazishi mjini London, alichapisha kijitabu kuhusu unene wake mwenyewe. Daktari wake, William Harvey, alikuwa amemkataza mkate, maziwa, sukari, bia na viazi. Uzito wa Banting ulishuka kutoka pauni 202 hadi 156, yaani alipungua kilo 21 hivi. Kijitabu kilienea sana, na hadi leo kitenzi cha Kiswidi cha kupunguza uzito kwa mlo kinatokana na jina lake. Huyu asichanganywe na Frederick Banting wa Kanada, aliyeshiriki kugundua insulini. William Banting alifariki mwaka 1878, mwaka uleule Fahlberg alipoonja mkate wake.

Ugumu wa milo hiyo haukuwa katika kuielewa bali katika kuivumilia. Mgonjwa aliyekatazwa mkate, viazi, wali, matunda matamu na sukari kwa maisha yake yote mara nyingi aliiba. Madaktari walizoea kupima mkojo na kukuta ushahidi wa kile ambacho mgonjwa alikikana. Wengine walijaribu kutumia gliserini kama kitu cha kutia utamu, lakini gliserini inaleta nguvu mwilini na huweza kugeuzwa kuwa sukari. Sakarini ilikuwa ya kwanza kuweza kutoa utamu katika kikombe bila kuleta chochote katika mkojo isipokuwa yenyewe.

Haikuponya. Mtoto aliyepewa sakarini katika chai yake mwaka 1890 bado alikuwa akielekea kifo, na hali hiyo haikubadilika hadi Januari 1922, mgonjwa wa kwanza alipodungwa insulini mjini Toronto. Ilichofanya ni kuondoa sababu moja ya mtu kuuvunja mlo uliokuwa ukimpa muda wa kuishi. Katika miaka ile hilo halikuwa jambo dogo.

Sheria ya 1902 na magendo

Wakulima wa viazisukari na wenye viwanda vya sukari walikuwa na nguvu kubwa katika bunge la Ujerumani, na serikali yenyewe ilitegemea kodi ya sukari. Kila kilo ya sakarini ilichukua nafasi ya kilo mia kadhaa za sukari na kodi yake. Mwaka 1898 sheria ilitaka vyakula vilivyotiwa utamu bandia vitambulishwe, na ikapiga marufuku utamu huo katika bia na mvinyo. Mwaka 1902 sheria nyingine ilikwenda mbali zaidi: sakarini ikawa bidhaa ya maduka ya dawa, kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari na wengine waliokuwa na sababu ya kitabibu. Viwanda vingine vya Ujerumani vilifungiwa uzalishaji, na kile cha Salbke kikaachiwa kutengeneza kiasi kilichohitajika.

Hoja iliyotolewa hadharani ilihusu afya na udanganyifu: sakarini haina lishe, kwa hiyo anayeinunua badala ya sukari anapunjwa. Hoja hiyo haikuwa ya uongo mtupu, kwa maana sukari ilikuwa chanzo cha nguvu kwa wafanyakazi waliokula kidogo. Lakini ni vigumu kuamini kwamba bunge lingechukua hatua hiyo kama si kodi na viazisukari. Kwa maskini sheria ilimaanisha kwamba utamu ukawa ghali tena.

Uswisi haikupitisha marufuku ya namna hiyo. Kampuni ya Sandoz ya Basel ilikuwa ikitengeneza sakarini tangu mwaka 1899, na viwanda vya Uswisi vikawa chanzo cha magendo makubwa kuelekea Ujerumani, Austria na hata Urusi. Zurich ikawa makao ya wafanyabiashara hao. Watu walivuka mpaka wakiwa wamevaa fulana zenye mifuko iliyoshonwa ndani na kujazwa unga mweupe, wengi wao wakiwa watu wa kipato kidogo waliobeba kwa ajili ya tajiri fulani. Maofisa wa forodha walilazimika kuwapekua abiria wa treni kwa kutafuta kitu ambacho leo huwekwa bure juu ya meza za mikahawa.

Marekani: Roosevelt, Wiley na Remsen tena

Nchini Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kampuni ya Monsanto ilianzishwa St. Louis mwaka 1901, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa sakarini. Harvey Wiley, mkuu wa ofisi ya kemia katika wizara ya kilimo, aliamini kwamba sakarini katika chakula cha kopo ni uchakachuaji. Mwaka 1908 alitoa maoni hayo mbele ya Rais Theodore Roosevelt, bila kujua kwamba daktari wa rais alimpa sakarini kila siku ili aepuke sukari. Roosevelt alikasirika na kumkatiza.

Rais aliunda jopo la wanasayansi kuchunguza suala hilo pamoja na mengine ya vyakula, na mwenyekiti aliyeteuliwa alikuwa Ira Remsen. Hivyo mtu aliyechukia kutajwa pamoja na Fahlberg akapewa kazi ya kuamua kama bidhaa ya Fahlberg ni salama. Jopo lilisema kwamba kiasi kidogo, hadi gramu 0.3 kwa siku, hakidhuru, na kwamba zaidi ya gramu 1 kwa siku kwa muda mrefu huweza kusumbua tumbo. Serikali iliamua isitiwe katika vyakula vya kawaida vya viwandani kwa sababu inashusha thamani yake ya lishe, lakini ikawaachia wagonjwa. Uamuzi huo ulitolewa mwaka 1911, baada ya Fahlberg kufariki. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipoleta uhaba wa sukari, vizuizi vililegea Ulaya, na sakarini ikarudi katika vikombe vya watu wenye afya.

Sakarini katika mlo wa wanga kidogo leo

Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina takriban gramu 4 za wanga. Mtu anayekunywa vikombe vitano vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko viwili, hupata gramu 40 kutokana na chai pekee. Kwa mtu aliyeshauriwa kutozidisha gramu 50 za wanga kwa siku, karibu kipimo chote kimekwisha kabla hajagusa ugali, wali, chapati au ndizi. Hapo ndipo sakarini na vibadala vingine vinaposaidia kweli. Haviwezi kufuta wanga ulio katika sahani: anayetia tembe katika chai kisha akala maandazi manne hajapunguza mengi.

Jambo moja husahaulika mara kwa mara. Kwa sababu sakarini ni tamu mno, kiasi kinachohitajika kwa kikombe ni chembe tu, na pakiti haiwezi kujazwa kwa chembe. Watengenezaji wengi huongeza unga wa kujazia, ambao mara nyingi ni glukosi au wanga uliovunjwavunjwa. Pakiti moja huwa na wanga usiofika gramu 1 au karibu na hapo, lakini mtu anayetumia pakiti nyingi, hasa katika mapishi, hujikuta amerudisha sehemu ya kile alichokikimbia. Tembe na matone ya maji huwa na wanga kidogo zaidi au hayana kabisa. Orodha ya viambato iliyochapishwa kwenye pakiti husema zaidi kuliko tangazo la mbele.

Katika kuoka, sakarini haifanyi kazi nyingine za sukari. Haiongezi ujazo wa keki, haiifanyi iwe na unyevu, wala haileti rangi ya kahawia.

Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kuna hatari ya kinyume. Sukari ikishuka kupita kiasi, mtu akaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, chai ya sakarini haimsaidii hata kidogo. Anahitaji sukari halisi au glukosi mara moja. Waliopo nyumbani wanapaswa kujua tofauti hiyo, na mgonjwa wa namna hiyo asipunguze wanga kwa ghafla bila daktari kurekebisha kipimo cha dawa.

Kifo na yaliyofuata

Fahlberg alifariki Nassau, kando ya mto Lahn, akiwa na umri wa miaka 59. Remsen, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kuanzia 1901, aliishi hadi 1927.

Shaka juu ya usalama wa sakarini ilirudi kwa nguvu mwaka 1977, baada ya utafiti wa Kanada kuonyesha uvimbe wa kibofu cha mkojo kwa panya waliolishwa kiasi kikubwa. Kanada iliipiga marufuku katika vyakula. Marekani ilitaka kufanya hivyo pia, lakini wagonjwa wa kisukari na watu waliokuwa wakipunguza uzito walilalamika kwa wingi, kwa kuwa kibadala kingine, siklamati, kilikuwa kimeshaondolewa nchini humo. Bunge lilizuia marufuku na badala yake likaagiza onyo lichapishwe kwenye pakiti. Baadaye ilifahamika kwamba uvimbe ule ulitokana na hali maalumu ya mkojo wa panya isiyopatikana kwa binadamu, na mwaka 2000 onyo liliondolewa. Mwaka 2024 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipandisha kiwango kinachokubalika kutoka miligramu 5 hadi 9 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku.

Kuhusu kupunguza unene, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2023 likishauri watu wasitegemee vibadala vya sukari, kwa kuwa faida yake ya muda mrefu katika uzito haijathibitika. Mwongozo huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Vibadala vilivyofuata viligunduliwa kwa njia inayofanana ajabu na ya Fahlberg. Siklamati ilijulikana mwaka 1937 mtafiti alipoonja utamu kwenye sigara yake, na aspatamu mwaka 1965 mwingine alipolamba kidole ili afunue karatasi. Kiwanda cha Salbke kilichukuliwa na dola baada ya Vita Vikuu vya Pili, kikaendelea katika Ujerumani Mashariki kwa jina la Fahlberg-List kikitengeneza pia dawa na kemikali za kilimo, na kikafungwa katika miaka ya 1990 baada ya Ujerumani kuungana.